Saa ya kuhesabu hatua baada ya upasuaji wa mgongo: namna ya kuipanga na kuisoma

Kazi yangu ni kuwanyanyua watu kitandani baada ya upasuaji wa uti wa mgongo na kuwafundisha upya kugeuka, kukaa, kusimama na kutembea. Siku hizi wengi huingia wodini na saa janja mkononi au bangili ya kuhesabu hatua, na swali lao huwa lile lile: "Nitembee hatua ngapi?" Kabla ya kulijibu huwaomba tuibadilishe saa yenyewe. Inapotoka dukani imepangwa kumhimiza mtu mwenye afya zake aongeze mwendo kila siku. Aliyetoka kushonwa mgongo anahitaji kitu cha kumwambia kwamba kwa sasa imetosha, apumzike, aendelee baadaye. Saa hiyo hiyo inaifanya kazi hii vizuri sana ikipangwa upya.

Maagizo ya daktari aliyekupasua yanatangulia yote nitakayosema. Aliyetolewa kipande cha diski (mto laini ulio kati ya pingili) kilichokuwa kinabana mshipa wa fahamu, na aliyefungwa skrubu ili pingili mbili ziungane kuwa mfupa mmoja, hawaendi kwa kasi moja, hata kama wamelala vitanda vinavyopakana.

Anza kabla ya upasuaji, kama nafasi ipo

Ikiwa tarehe yako bado haijafika, vaa kifaa wiki moja au mbili ukiishi kama kawaida. Tafuta namba mbili: wastani wa hatua zako kwa siku, na mwendo mrefu zaidi unaoweza kwenda bila kusimama wala kukaa.

Hii ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, hasa kwa wale ambao mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba. Wao hutembea kidogo, miguu ikawa mizito au ikawaka moto, wakainama au wakakaa, ikapoa, wakaendelea. Mtu wa namna hiyo anaweza kufikisha hatua 4,000 kwa siku na bado asiweze kwenda dakika 5 mfululizo. Baada ya upasuaji jumla ya siku hushuka kwa majuma kadhaa, kwa sababu kuna kidonda na mwili umechoka. Ukiitazama jumla peke yake utadhani umerudi nyuma.

Mama mmoja niliyemhudumia alikata tamaa kwa sababu hiyo. Jumla yake ilikuwa bado chini ya ile ya zamani, akaamini upasuaji umemwendea bure. Tukafungua programu kwenye simu yake, tukatazama grafu ya saa kwa saa. Kabla ya upasuaji ilikuwa vipande vifupi vifupi vya dakika 3 au 4. Sasa palikuwa na kipande kimoja cha dakika 12 bila kusimama. "Kumbe miguu imerudi," akasema. Tangu siku ile alianza kutazama urefu wa kipande hicho, na jumla akaiacha.

Siku ya upasuaji vua kifaa, mwachie ndugu. Vua pia kila unapoingia kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku kali. Skrubu na vyuma vya titani ulivyowekewa havina ugomvi na saa. Lakini kama una kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini, mfano kisaidia-moyo au kile cha kutuliza maumivu kwa kuchochea uti wa mgongo, saa zenye sumaku zikae mbali nacho zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya sentimita 30 zikiwa kwenye chaja isiyo na waya, na umuulize daktari anayekisimamia.

Badilisha mipangilio kabla hujarudi nyumbani

Zima lengo la hatua. Kama programu haikuruhusu kulizima, literemshe hadi namba utakayoipata kwa njia nitakayoeleza hapa chini. Garmin ina lengo linalojipandisha lenyewe kila ukilifikia. Lizime uweke namba yako kwa mkono. Kwenye Apple Watch, tangu watchOS 11 ya mwaka 2024, unaweza kusimamisha pete za mazoezi, zile duara zinazojaa kadiri unavyosogea, kwa siku, wiki au mwezi bila kupoteza mfululizo wako wa siku ulizofikia lengo. Fitbit humkumbusha mtu afikishe hatua 250 kila saa, na kwa majuma ya mwanzo hizo ni nyingi kwa baadhi ya watu. Jitoe kwenye mashindano ya hatua na marafiki. Nimewaona watu makini kabisa wakizunguka sebuleni usiku, wameshika ukuta, kwa sababu zilibaki hatua 600.

Ile 10,000 usiifikirie kwa sasa. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Haikutokana na kipimo chochote cha watu waliopasuliwa mgongo.

Kalori zipuuze kabisa. Kilomita nazo zitakudanganya, maana mara nyingi saa hukadiria urefu wa hatua kutokana na kimo chako, na wewe sasa unakwenda kwa hatua fupi. Namba zako ni hatua na dakika, basi.

Pa kukivaa

Sehemu hii huwa tunaitumia muda mrefu wodini, kwa sababu kosa la hapa huharibu kila hesabu itakayofuata.

Saa ya mkononi hutambua hatua kwa kuhisi mtikisiko wa mkono unapobembea. Ukiwa umeshika fremu ya kutembelea, mikono haibembei. Mzee mmoja alikwenda hadi mlangoni na kurudi, tena na tena, kwa jasho lake mwenyewe, halafu akanionyesha saa: 0. "Binti yangu, kitu hiki kinasema sijaondoka kitandani." Nilimwomba mkewe aihamishie saa kwenye kifundo cha mguu, na duru iliyofuata ikahesabiwa. Mwendo wa polepole sana nao huipotea saa hata ukiwa huna fremu, kwa sababu mtikisiko ni mdogo.

Kwa hiyo, ukiwa na fremu au magongo, kifaa kikae kwenye kifundo cha mguu, au kwenye pindo la suruali pembeni ya nyonga kama kina kibanio, au utumie simu iliyo mfukoni. Ya kifundoni usiibane, maana miguu huweza kuvimba. Wala usiinamie kuifunga, mwenzako akufungie. Hili nalisisitiza kwa sababu kuinama kifundoni ndiko hasa tulikokukataza. Kama umepewa mkanda wa kushikilia mgongo, usibane kifaa juu yake, na usikiweke karibu na mshono. Chaja pia iwe juu ya meza, kwenye usawa wa kiuno. Soketi nyingi ziko chini karibu na sakafu, na mtu ambaye saa yake huishiwa chaji kila usiku huinama kila usiku.

Sasa ipime. Tembea hatua 100 huku mtu mwingine akizihesabu kwa sauti, kisha tazama saa. Ikisoma kati ya 90 na 110, iamini. Ikisoma 60, hamisha kifaa na upime tena. Ukishapata mahali pazuri usipahame, kwa sababu namba ya mkononi na namba ya kifundoni hazilinganishiki. Siku utakayoacha fremu na mikono ikaanza kubembea, namba inaweza kuruka juu ghafla bila wewe kutembea zaidi. Andika tarehe hiyo.

Weka dari

Siku 3 za kwanza nyumbani usilenge chochote. Tembea kama ulivyoelekezwa hospitalini, duru fupi fupi, na uiache saa ihesabu. Jumlisha siku hizo, gawanya kwa 3. Tuseme umepata 1,200. Hiyo ndiyo dari yako. Igawe kwenye duru: 6 za hatua 200, zilizotawanywa tangu asubuhi hadi jioni. Ukifika 1,200 umemaliza kazi ya siku, hata kama unajisikia una nguvu za kuendelea.

Hapo ndipo ninapobishana na wagonjwa wangu, na nitaendelea kubishana nao, kwa sababu ninajua kinachofuata. Unajisikia vizuri saa nane mchana kwa kuwa dawa ya maumivu inafanya kazi na umefurahi kuona miguu inakutii. Misuli iliyosogezwa ili daktari aifikie pingili bado imevimba, na ukiizidishia kazi haikwambii papo hapo. Itakwambia usiku, au kesho yake unapojaribu kugeuka kitandani. Kwa hiyo namba ya leo inahukumiwa kesho asubuhi.

Kila asubuhi, kabla hujatazama saa, jiulize mambo matatu. Je, maumivu yaliniamsha usiku kuliko usiku uliotangulia? Je, nilihitaji dawa zaidi? Je, ganzi au maumivu ya mguu yameongezeka, au yameshuka chini zaidi, mathalani kutoka pajani hadi kwenye unyayo? Ukijibu hapana kwa yote, asubuhi mbili mfululizo, ongeza sehemu moja ya kumi: 1,200 iwe 1,320. Kaa hapo hadi upate asubuhi nyingine mbili nzuri. Ukijibu ndiyo kwa lolote, rudi kwenye dari iliyotangulia kwa siku mbili. Jibu la ndiyo kwa swali la tatu lisipotulia baada ya hapo, au mguu ukianza kulegea taratibu, mpigie aliyekupasua, usingoje siku ya kliniki.

Kurudi nyuma hakumaanishi kulala kutwa. Hata siku mbaya duru zako zibaki, ila zifupishwe. Kutembea kidogo mara nyingi husaidia damu isigande miguuni, mapafu yafunguke, na tumbo lililofungwa na dawa za maumivu lianze kufanya kazi. Ndiyo maana mimi hupendelea duru 6 za hatua 200 kuliko duru 2 za hatua 600, ingawa jumla ni ile ile.

Kuna umbo moja la grafu ambalo likinitokea kwenye simu ya mgonjwa hunifanya nivute kiti tuzungumze. Siku moja hatua 5,000, siku mbili zinazofuata 400 na 400, halafu tena 5,000. Wastani wake ni kama 1,900 na programu inaweza hata kumpongeza. Lakini mtu huyo anaishi kwa kuumia na kupona, kuumia na kupona, na hajengi chochote. Mwenzake mwenye 1,900 kila siku, mfululizo, atampita mapema. Ukiona umbo hilo kwako, teremsha dari hadi mahali ambapo siku zote tatu zinaweza kufanana, hata kama namba hiyo inakukera.

Kengele ya kukaa

Kukaa kitako kwa muda mrefu huzielemea diski za kiunoni, na watu wengi hutoka hospitalini wakiwa wameambiwa wasikae zaidi ya dakika 20 au 30 kwa mara moja. Hapa saa ina faida kubwa pengine kuliko kwenye hatua. Weka kengele ya kutetema kila dakika 30 kwa saa za mchana, na uizime usiku. Ikitetema, sogea ukingoni mwa kiti, rudisha miguu chini ya magoti, kisha nyanyuka kwa nguvu ya mapaja, mgongo ukiwa umenyooka. Tembea dakika mbili au badili tu mkao. Usijikunje kuitazama saa wala kuizima. Mtetemo wenyewe umetosha kukuambia.

Mapigo ya moyo na usingizi

Mapigo ukiwa umepumzika huwa juu kidogo siku za mwanzo kwa sababu ya maumivu, damu iliyopotea na mwili kukaukiwa maji. Yanatakiwa yateremke polepole. Yakishateremka, halafu yakapanda tena siku mbili tatu bila sababu unayoijua, pima joto la mwili na ukitazame kidonda. Wanaotumia dawa za presha au za moyo kama atenolol, bisoprolol au propranolol wasijifariji na mapigo yaliyotulia, kwa kuwa dawa hizo huyashikilia chini. Mwanga ambao saa huutumia kupima mapigo hukosea pia kwenye mkono wa baridi, mkanda uliolegea au ngozi yenye tatuu.

Usingizi usiusome kabisa kwa majuma ya mwanzo. Aliyelala tuli macho wazi akiogopa kugeuka, saa humhesabia amelala.

Isichokiona saa

Saa haijui kwamba umeinama kuokota kiatu. Haijui kwamba umepinda kiuno ukiwa umekaa ili kuchukua kitu kilicho nyuma yako. Haijui umebeba nini. Katazo la kawaida la majuma ya mwanzo ni kutoinama, kutojipinda na kutobeba zaidi ya kilo 4 au 5; ndoo ya maji ya lita 10 ni kilo 10 kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Mtu anaweza kuwa na hatua 3,000 zilizotawanyika vizuri sana na akawa amejidhuru kwa tendo moja la sekunde mbili ambalo halimo kwenye grafu yoyote.

Waliofungwa skrubu wanalihitaji neno hili zaidi. Skrubu hushikilia pingili wakati mfupa unaota. Kuungana kwenyewe huchukua miezi 3 hadi 6, mara nyingine mwaka, na sigara hukuchelewesha. Maumivu huisha mapema kuliko mfupa kuungana, na hatua hupanda mapema vile vile. Picha ya eksirei ndiyo itakayokwambia mfupa uko wapi.

Kuna dalili ambazo ukiziona unaiacha saa na kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana: ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, kushindwa kukojoa, au mkojo au haja kubwa kutoka bila kujua, mguu kulegea ghafla, maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Na siku hiyo hiyo wapigie simu ukiona shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, kidonda kinatoa usaha au majimaji, homa inapita nyuzi 38, au kichwa kinauma sana ukisimama na kupoa ukilala.

Daftari, kliniki na watu wa nyumbani

Namba bila maneno haimsaidii daktari wako. Nunua daftari dogo, au tumia sehemu ya kuandika kwenye simu, na kila jioni weka mstari mmoja: hatua, mwendo mrefu zaidi kwa dakika, maumivu ya mgongo kati ya 0 na 10, maumivu ya mguu kati ya 0 na 10, dawa ulizokunywa. Mgongo na mguu viandikwe mbali mbali. Maumivu ya mguu yanayopanda kuelekea kiunoni na kupungua ni habari njema kwetu, hata kama kiuno chenyewe bado kinauma.

Siku ya kliniki usimpe daktari simu apekue. Ana dakika chache. Mpe ukurasa mmoja wenye wastani wa kila wiki na mwendo mrefu zaidi wa kila wiki, kabla na baada ya upasuaji, na tarehe ulizobadilisha dawa au kuacha fremu. Nimeona mazungumzo yakibadilika kabisa kwa ukurasa kama huo, kutoka "unaendeleaje?" hadi "wiki ya nne ulishuka, kulitokea nini?"

Kuhusu familia, fikiri vizuri kabla hujawafungulia data zako. Kijana anayeishi mbali anapenda kujua hali ya mzazi, na anafanya hivyo kwa upendo. Lakini simu ya kila jioni, "Baba, mbona leo hujatembea?", inaweza kumfanya baba atembee siku aliyotakiwa kupumzika. Ukiamua kumfungulia, mweleze dari yako ni ngapi, na umwombe akupigie pale utakapoipita.

Ukianza kurudi kwenye maisha

Daktari akishaondoa makatazo, ndipo kasi inapoanza kuwa na maana. Hatua kama 100 kwa dakika ni mwendo wa nguvu ya wastani kwa watu wazima wengi. Anza na dakika 2 za kasi hiyo ndani ya matembezi ya kawaida, uamue tena kwa asubuhi yako ya kesho, kama ulivyofanya kwenye duru za hatua 200. Usiwashe lengo la kujipandisha lenyewe mpaka umekaa mwezi mzima bila kurudi nyuma. Na kengele ya dakika 30, kwa yeyote anayerudi kwenye kazi ya mezani au ya kuendesha gari, iache ikiwa imewashwa. Dereva akiwa njiani, aipange ilingane na vituo ambavyo ni salama kusimama.